PCOS: Mazoezi ni sehemu ya tiba, si adhabu ya unene

Mwanamke anapokosa hedhi kwa miezi kadhaa, akaota ndevu kidevuni na kusumbuliwa na chunusi zisizokwisha, huenda akadhani kuwa kila tatizo lina chanzo chake. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mvurugiko wa homoni unaojulikana kwa kifupi kama PCOS. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa hali hiyo huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui.

Kwa wengi wao, mwili hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Wingi huo huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Yai hushindwa kupevuka na hedhi huvurugika.

Hapo ndipo mazoezi yanaposaidia. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo kwenye damu, na mwili huanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo, manufaa huweza kupatikana hata kabla uzito haujapungua. Wanawake wembamba nao hupatwa na PCOS, na ushauri huu unawahusu pia.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli katika siku mbili zisizofuatana. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha kuanzia. Kulima kwa jembe au kupanda mlima pia huhesabika. Jijini Kigali, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara hufungwa kwa magari katika Jumapili maalumu ili wananchi watembee na kukimbia bila malipo yoyote.

Kuhusu chakula, hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine yote. Mboga, maharage, samaki na nafaka zisizokobolewa hufaa. Soda na chai yenye sukari nyingi zipunguzwe.

Hata hivyo, mazoezi hayachukui nafasi ya daktari. Mwanamke asiye mjamzito anayekosa hedhi kwa zaidi ya siku 90 anapaswa kupimwa, kwa kuwa ukuta wa mji wa mimba unaweza kunenepa na kuongeza hatari ya saratani. Vipimo vya sukari na shinikizo la damu navyo ni muhimu.

PCOS si sawa na utasa. Wengi hushika mimba, wengine kwa msaada wa dawa. Yai linaweza kupevuka tena kabla hedhi haijarudi. Kwa hiyo asiyetaka mimba bado anahitaji kinga.