Kutoka Kamati hadi Taasisi: Nasaba ya Vyombo vya Kiswahili na Haki ya Pwani ya Tanga

Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyombo viwili vilivyokaa mlimani pamoja kwa takriban miaka arobaini, kila kimoja na mlango wake, viliunganishwa vikawa kimoja: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyojulikana kwa jina la TUKI, na Idara ya Kiswahili, ambayo kazi yake ilikuwa kufundisha, zikafanywa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani TATAKI. Aliyeisikia habari hiyo kwa mbali huenda aliidhania kuwa ni shauri la ofisi na mafaili tu; lakini anayeijua nasaba ya vyombo hivyo anafahamu kwamba safari iliyofikia hapo ilikwisha kuchukua karibu miaka themanini, na kwamba sehemu isiyo haba ya mali iliyobebwa safarini ilitoka katika pwani hii yetu ya Tanga, Mtang'ata na Pangani.

Kabla ya kuwapo kamati, baraza au taasisi yoyote, watu wa pwani hii walikuwa wakiandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu, katika nyaraka na katika tenzi. Na wamisionari wa UMCA waliokaa Magila, upande wa Muheza, walikuwa na mtambo wa chapa uliotoa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Wadachi nao, walipofungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, waliona kwamba lugha iliyo tayari kwa kazi za dola ni hii, wakaitumia kuwafunza makarani, maakida na walimu waliopelekwa hadi bara, na baadaye katika shule hiyo hiyo likatolewa gazeti la Kiongozi. Basi Waingereza, walipoitwaa nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakukuta lugha ya kuundwa upya, bali walikuta lugha yenye shule, magazeti na waandishi. Kilichokosekana kilikuwa mapatano, kwa kuwa kila misheni na kila serikali iliandika kwa namna yake.

Mapatano hayo yalianza kutafutwa katika mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, zama za Gavana Donald Cameron. Yakatiliwa nguvu Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilipokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, Kimvita kikaachwa kando. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha iliyoziunganisha serikali nne, za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Ofisi yake ilikuwa Dar es Salaam, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi iliyopewa ilikuwa kubwa: kusawazisha tahajia, kuvikagua vitabu vya shule kabla ya kupigwa chapa, kuwahimiza waandishi, na kutunga kamusi, ambazo zilitoka mwaka 1939. Huo ndio uliokuwa muungano wa kwanza katika nasaba hii, na manufaa yake hayawezi kukanwa, kwani tangu hapo mtoto wa Pangani na mtoto wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja.

Lakini ulikuwa na taksiri moja nzito, nayo ni kwamba wenye kukata shauri hawakuwa wenye lugha. Wajumbe wa mwanzo walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu, na ilipita miaka mingi kabla Waafrika hawajapewa viti katika baraza lililohukumu lipi ni sahihi na lipi ni kosa katika maneno yaliyotoka vinywani mwa mama zao. Mswada wa mzaliwa wa pwani ulipimwa na mgeni, na lahaja ambazo hazikuchaguliwa, kama Kimtang'ata na Kivumba, zilikosa nafasi katika vitabu vya shule ijapokuwa wazee waliendelea kuzinena bila hofu.

Kamati ikawa ya kuhamahama. Mwaka 1942 ilipelekwa Nairobi. Mwaka 1948 ilipoundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, kazi ya uchapishaji ikaanza kuondoka mikononi mwake. Mwaka 1952 ikaingizwa Makerere, na huko, kwa kupungukiwa na mzigo wa kukagua vitabu, ikapata wasaa wa kuchunguza. Ndipo macho yake yalipoirudia Tanga. Mwaka 1955 ilichapisha, kama nyongeza ya jarida lake, utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, uliohaririwa na J. W. T. Allen, na mwaka 1956 Wilfred Whiteley alitoa kitabu chake juu ya Kimtang'ata, lahaja ya watu wa kusini mwa Tanga. Wakati huo huo Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, ambaye alikuwa karani wa serikali hapa Tanga, alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Na uwepo wake ulidhihirisha kwamba elimu ya lugha haipungui hadhi inaposhikwa na mwenye lugha, bali huzidi.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, asijaaliwe kuiona nyumba mpya. Kamati, baada ya kukaa kidogo Mombasa, ililetwa Dar es Salaam mwaka 1964 ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu, na hicho ndicho kilichokuja kuwa TUKI. Mwaka 1967, ambao ni mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ili kukuza lugha na kusimamia matumizi yake. Na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama peke yake, Idara ya Kiswahili ikaanzishwa. Kazi iliyokuwa ya kamati moja ikawa imegawanyika: mmoja achunguze, wa pili asanifu na kutoa ithibati, wa tatu afundishe. Mgawanyo huo ulizaa matunda, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Waswahili wenyewe, ni ushahidi usiohitaji mwingine.

Ilakini uchunguzi na ufundishaji ni ndugu wa tumbo moja, na kuwatenga kwa muda mrefu ni kuwadhulumu wote wawili. Mchunguzi asiye na wanafunzi huandika kwa ajili ya rafu za maktaba, na mwalimu asiyechunguza hurudia ya jana. Kwa sababu hiyo muungano wa 2009 ulikuwa wa busara. Wala si sisi tuliokuwa wa kwanza kufikiri hivyo, kwani huko Ayalandi mwaka 1999 bodi ya lugha ya Kiayalandi, idara ya serikali ya kuchapisha vitabu na kamati ya istilahi ziliwekwa chini ya chombo kimoja, Foras na Gaeilge. Visiwani vilevile, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, TAKILUKI, iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Rai yangu ni kwamba kuunganisha ofisi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuiunganisha ofisi na watu. Hati za kale zilizokusanywa pwani zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu, nalo ni jambo la shukrani. Lakini nakala zake zafaa zipatikane Tanga pia, ili mwalimu wa Tongoni au Pangani awasomeshe wanafunzi wake maneno ya babu zao bila kulipa nauli ya kwenda Dar es Salaam. Wanafunzi wa TATAKI waletwe kukaa na wazee wa Mtang'ata na wa Vumba wangali hai, waandike msamiati wa uvuvi, wa unahodha, wa arusi na wa matanga ambao kamusi bado hazijaumaliza. Kamati ya 1930 ilikuwa na udhuru wa ugeni. Taasisi ya leo imeshikwa na wana wa nchi, ambao wengi wao walilelewa kwa lugha hii, nao hawana udhuru huo. Wamerithi amana iliyopita mikono mingi tangu Dar es Salaam hadi Nairobi, Makerere na Mombasa na kurudi tena, na haki ya amana ni kuwafikia wenyewe.