Kabla Ucheke Jaboya, Uliza Boti ni ya Nani

Wasee, kila nikisema kwetu ni Homa Bay, lazima mtu acheke. "Ooh, kwa samaki na Ukimwi." Nimezoea, lakini leo wacha nijibu.

Kabla niache chuo nilikuwa nasoma afya ya umma. Siku moja tulifundishwa tabia hatarishi: sigara, pombe, ngono bila kinga. Halafu mwalimu akataja jaboya, yaani mwanamke kulala na mvuvi ndiyo auziwe samaki. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ilhali shangazi yangu ameuza omena Sori, kule Migori, tangu kabla nizaliwe. Hiyo aibu bado ninayo.

Shida ni kwamba hilo somo lilianzia kitandani. Historia yenyewe inaanzia majini.

Mbuta si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa lote na kumaliza aina nyingi za samaki wadogo. Viwanda vikafunguliwa, minofu ikaanza kwenda Ulaya. Malori ya barafu yakafika mpaka kwa bichi kununua mbuta kwa bei ambayo mama mwenye beseni hangeiweza. Wanawake wengi wakabaki na omena na mabaki ya viwandani. Boti na nyavu zilikuwa za wanaume. Wanunuzi wakawa wengi kuliko samaki, na pesa peke yake ikaacha kutosha.

Sasa angalia tarehe. Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi mwaka 1984, wakati huohuo biashara ya mbuta inapanda. Wavuvi wanahama bichi moja hadi nyingine wakifuata samaki, na akina mama wanawafuata. Virusi vilipata njia iliyotengenezwa tayari. Serikali ilikuja kutangaza Ukimwi janga la kitaifa mwaka 1999, miaka 15 baadaye.

Nilimuuliza shangazi kama aliwahi. Hakunijibu moja kwa moja. Alisema, "Nyathina, mimi nilikuwa na beseni na watoto watatu. Yeye alikuwa na boti. Ungeniambia nimwambie avae kondomu?"

Nilinyamaza.

Sisemi hakuna mtu anayewajibika. Mvuvi anayedai mwili juu ya pesa anajua anachofanya. Lakini ukihubiria yule mama kuhusu tabia na kesho asubuhi bado hana boti, umebadilisha nini?

Watu wa huku hawakukaa tu wakingoja kuhurumiwa. Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, ikishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa ARV bure, wakati Wakenya wengi hawangeweza kuzinunua. Mwaka 2011, wanawake wa bichi ya Nduru kule Kisumu walianza kupata boti zao wenyewe na kuajiri wanaume wawavulie. Ukiwa na boti, unaweza kusema hapana. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likawafukuza makwao, na ile kazi ikarudi nyuma. Hilo pia lilikuwa suala la afya, hata kama halikuandikwa hospitalini.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha maambukizi Homa Bay yalikuwa asilimia 19.6 na Migori 13, wakati Kenya nzima yalikuwa 4.9. Hizo namba ni za kweli na zinauma. Kwa hivyo nenda upimwe, uliza kuhusu PrEP, jilinde. Huo ni upande wako.

Lakini mtu akicheka jaboya mbele yako, muulize boti ilikuwa ya nani. Mimi ningeuliza siku ile darasani. Nilicheka.