Kupima akili ya mtoto: mzazi wa Sondu aanzie wapi, na nambari ya IQ isomwe vipi

MWANAFUNZI anapobaki nyuma ya wenzake muhula baada ya muhula, mzazi husikia ushauri wa kila namna: abadilishiwe shule, aombewe, atafutiwe mwalimu wa jioni. Wapo pia wanaomshauri ampeleke mtoto "akapimwe akili". Ushauri huu wa mwisho una maana yake. Tatizo ni kwamba anayeutoa aghalabu hasemi kipimo chenyewe hufanywa na nani, kwa lugha gani, wala nambari itakayotolewa inaweza kusema nini kuhusu mtoto na nini haiwezi.

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Sondu. Mji huu wa soko upo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, pale kaunti za Kisumu na Kericho zinapokutana, nayo Homa Bay haiko mbali. Mtoto mmoja anaweza kusikia Kikipsigis nyumbani, Kijaluo sokoni, kisha Kiswahili na Kiingereza darasani. Kipimo cha akili kilichotungwa kwa mtoto wa lugha moja hakimwoni mtoto kama huyo kwa urahisi.

Kipimo cha kwanza cha aina hii kilitungwa Ufaransa mwaka wa 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Kilikuwa na kazi moja tu: kuwatambua wanafunzi waliohitaji kufundishwa kwa njia ya pekee. Mwaka wa 1912 William Stern, Mjerumani, alipendekeza kwamba umri wa akili ugawanywe kwa umri wa miaka, na hapo ndipo lilipotoka jina la IQ. Hesabu hiyo ya kugawanya imekwisha kuachwa. Siku hizi mtahiniwa hulinganishwa na watu wa rika lake, na wastani wa rika hilo huwekwa kuwa 100. Takriban watu wawili kati ya watatu huangukia baina ya 85 na 115. Walio chini ya 70 ni kama wawili hivi katika kila mia.

Vipimo vinavyotumiwa zaidi duniani ni vile vilivyoanzishwa na David Wechsler wa Marekani, ambaye alitoa kipimo chake cha kwanza mwaka wa 1939. Kipo cha watoto wadogo kuanzia miaka miwili na nusu, kipo cha wenye miaka 6 hadi 16, na kipo cha watu wazima. Mtahini huketi na mtahiniwa mmoja peke yake kwa saa moja hadi mbili. Humwuliza maana za maneno, humtaka apange vitalu vya rangi kufuata mchoro, arudie tarakimu alizosomewa, anakili alama kwa haraka. Kando ya hivyo kipo kipimo cha Raven, kilichochapishwa Uingereza mwaka wa 1938, ambacho ni michoro yenye pengo la kujazwa na hakidai maneno mengi.

Vitabu vya maswali haya haviuzwi kwa kila mtu. Wachapishaji huwauzia wenye ujuzi uliothibitishwa, kwa sababu swali likishajulikana mitaani halipimi tena kitu. Kwa hivyo majaribio ya intaneti yanayompa mtu alama 140 baada ya dakika kumi, na kisha kumdai pesa ili apewe cheti, hayana uhusiano na vipimo hivi. Hakuna hospitali wala afisi ya elimu inayofanya uamuzi kwa karatasi ya namna hiyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wataalamu hao. Mzazi ana haki ya kumwuliza anayetaka kumpima mtoto wake amesajiliwa wapi, amesomea upimaji kwa kiwango gani, na atatumia kipimo kipi cha toleo lipi. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali haya.

Pa kuanzia

Safari ya kupimwa akili haianzii kwa mwanasaikolojia. Huanzia kwenye macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri, au aliyepungukiwa na uwezo wa kusikia kwa sababu ya usaha wa sikio wa mara kwa mara, huonekana darasani kama mzito wa kuelewa. Kadhalika kifafa cha aina isiyoangusha, ambapo mtoto hukodoa macho na kutoweka kifikra kwa sekunde chache, huweza kupita miaka bila kutambuliwa na mwalimu. Hospitali ya kaunti ndogo inaweza kuyachunguza haya au kuandika barua ya rufaa, na ni gharama ndogo kuliko kipimo chochote cha IQ.

Malaria nayo isisahauliwe katika eneo hili la ziwa. Watoto waliotibiwa malaria iliyopanda kichwani katika hospitali ya Mulago mjini Kampala walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu katika utendaji wa akili. Mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kulazwa akiwa amezimia au akitetemeka kwa degedege amwambie mtahini jambo hilo hata kama limepita miaka mingi.

Hatua ya pili ni kituo cha tathmini ya elimu, kinachofahamika na walimu kwa herufi za EARC. Vituo hivi vilianzishwa na Wizara ya Elimu mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaviweka chini ya mpango wa elimu wa kila kaunti. Mwalimu mkuu ndiye njia rahisi ya kufikia kituo. Mkazi wa upande wa Nyakach huelekezwa na afisi za elimu za Kaunti ya Kisumu, na yule aliye upande wa Kericho huelekezwa na kaunti yake, hata kama watoto wao hucheza pamoja.

Yafaa mzazi ajue mapema kwamba EARC kwa kawaida haitoi nambari ya IQ. Maafisa wake huangalia mtoto anavyosikia, anavyoona, anavyotembea, anavyozungumza, anavyosoma na kujihudumia, kisha hupendekeza afundishwe vipi na wapi. Kwa familia nyingi huo ndio utakuwa mwisho wa safari, na hazitakuwa zimepoteza kitu.

Kipimo kamili huhitajika pale ambapo maswali yamebaki: mtoto ni mwepesi wa kusema lakini hasomi hata sentensi moja, au alikuwa akiendelea vyema kisha akarudi nyuma, au maafisa hawakubaliani. Hapo huombwa rufaa. Katika Kisumu mahali pa kuulizia ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia. Nairobi ipo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoundwa mwaka wa 1986 na iliyo na kituo chake cha tathmini. Wapo pia wanasaikolojia wa kibinafsi mijini, ambao malipo yao hutofautiana sana. Bei iulizwe kabla ya siku ya kipimo, na iulizwe pia kama inajumuisha ripoti iliyoandikwa, kwa maana wengine hutoza ripoti kando.

Akili ya shule na akili ya nyumbani

Viwango vya kulinganishia katika matoleo ya Wechsler yanayotumiwa zaidi vilitokana na watoto wa Marekani na Uingereza. Mtoto wa Sondu anapopewa alama 80, maana yake ni kwamba amelinganishwa na wenzake wa huko. Si kosa la mtahini, bali ni jambo ambalo lazima liandikwe katika ripoti, na mzazi asiliache lipite kimya.

Utafiti wa maana juu ya suala hili ulifanywa miongoni mwa Wakipsigis na Waluo wenyewe. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super, Wamarekani wawili, waliishi katika kijiji cha Wakipsigis walichokiita Kokwet. Waligundua kwamba neno ng'om, ambalo Wakipsigis hulitumia kumsifu mtoto mwerevu, hubeba uwajibikaji ndani yake: mtoto ng'om huona kazi inayotakiwa kufanywa na kuifanya bila kuagizwa. Werevu wa shuleni ulikuwa kitu kingine. Mwaka wa 1977 walichapisha makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima, na jibu lao lilikuwa jepesi. Mtoto aliyefunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa na kutii hawezi ghafla kumsimulia mgeni hadithi ndefu kwa sababu tu ameombwa. Ukimya wake ni adabu, nao mtahini asiyeijua adabu hiyo huuandikia sifuri.

Upande wa Waluo, timu iliyowajumuisha Elena Grigorenko, Robert Sternberg na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta ilichapisha mwaka wa 2001 uchunguzi kuhusu namna wanakijiji wanavyoielewa akili. Maneno manne yalijitokeza. Rieko ni ujuzi na umahiri, ukiwemo ule wa darasani. Luoro ni heshima na kuwajali watu. Paro ni fikra na kuanzisha jambo. Winjo ni kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha. Kati ya hayo manne, ni rieko iliyokaribiana na kile kinachopimwa na mitihani.

Mwaka huo huo timu hiyo ilieleza jinsi ilivyowapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya dawa za miti shamba zinazotumiwa kwao kutibu maradhi ya kila siku. Watoto waliozijua dawa vizuri walielekea kupata alama za chini katika msamiati na katika masomo ya shule. Watafiti walifikiri kwamba huenda baadhi ya familia humwelekeza mtoto kwenye shule na nyingine kwenye maarifa ya nyumbani, na kila mmoja hunawiri alikoelekezwa. Kipimo cha IQ kingewaona wa aina moja tu.

Historia inatoa sababu nyingine ya tahadhari. Katika miaka ya 1930, madaktari wa kikoloni nchini Kenya, H. L. Gordon na F. W. Vint, walitumia vipimo vya ubongo kudai kwamba Mwafrika ana akili ndogo kwa maumbile. Madai hayo hayakusimama. Huko Embu, watoto wa vijijini waliopimwa mwaka wa 1984 na wengine wa rika hilo waliopimwa mwaka wa 1998 walitofautiana waziwazi, wale wa baadaye wakiwa juu zaidi. Waliofanya utafiti huo walitaja kusoma kwa wazazi, ukubwa wa familia, lishe na afya kuwa sababu zinazoelekea kueleza mabadiliko hayo. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu.

Kwa hivyo kabla ya kipimo, mzazi aseme ni lugha ipi mtoto huota nayo na kugombana nayo na wenzake. Aulize kama mtahini anaijua, au kama atatumia zaidi sehemu zisizo na maneno. Mkalimani akihitajika, asiwe mama au baba, kwa kuwa mzazi humsaidia mtoto bila kujua. Mtoto alale vizuri na ale kabla ya kuondoka. Kumtoa Sondu alfajiri kwa matatu hadi Kisumu akiwa na njaa, kisha kumketisha mbele ya vitalu vya rangi, ni kupima njaa.

Kusoma matokeo

Alama moja tupu si matokeo. Alama 72 husomwa pamoja na mipaka yake, kwa mfano kati ya 68 na 79, kwa sababu mtoto huyo huyo angepimwa siku nyingine angepata tofauti kidogo. Kurudia kipimo kile kile kabla ya mwaka kupita hakushauriwi, maana mtoto hukumbuka kazi alizozifanya.

Aidha, hakuna daktari anayeruhusiwa na taaluma yake kusema mtu ana ulemavu wa akili kwa alama pekee. Ni lazima pia iangaliwe namna anavyoyamudu maisha ya kila siku, na upungufu uwe ulianza utotoni. Mtoto aliyepata 66 lakini hutumwa sokoni kuuza omena na kurudi na hesabu kamili hajathibitishwa kuwa na ulemavu huo. Mwenzake mwenye 74 asiyeweza kuvaa wala kujilinda barabarani anahitaji msaada sasa hivi, na nambari yake isimzuie kuupata.

Shule ya umma haiwezi kudai alama ya IQ ili imsajili mtoto. Sheria ya 2013 inakataza kumtahini mtoto kwa nia ya kumkubali au kumkataa.

Watu wazima hupimwa kwa sababu nyingine: kiharusi, ajali ya bodaboda iliyoumiza kichwa, kifafa cha muda mrefu, au amri ya mahakama inapotaka kujua kama mshtakiwa anaelewa mashtaka. Hapo swali huwa ni kipi kimepotea na kipi kimebaki, na sehemu za kipimo hufaa zaidi kuliko jumla yake. Anayetafuta kusajiliwa kama mlemavu hufuata njia tofauti, ya tathmini ya kiafya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na ripoti ya mwanasaikolojia huwa kiambatisho tu.

Ripoti iombwe kwa maandishi, ikiwa na jina la kipimo, tarehe, lugha iliyotumiwa, alama za kila sehemu na mapendekezo kwa mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa siri, hivyo shule haina ruhusa ya kuitangaza. Mzazi apeleke nakala kwa EARC, abaki na nakala halisi nyumbani, na amwombe mtahini amweleze ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuondoka.