Kiko cha babu: kusafisha bila kufuta historia

Familia ikikimbia vita, nyumba inabaki, shamba linabaki, mbuzi wanabaki. Lakini kiko cha babu kinaingia mfukoni. Kwa familia iliyohama, kinaweza kuwa kitu pekee cha mzee kilichofika salama. Kikiwa kimejaa moshi na vumbi, kijana anatafuta msasa na vanishi ili king'ae tena. Kabla ya kuanza, afadhali ajue mng'ao ule ulitoka wapi.

Tumbako si mmea wa Afrika. Ilitoka Amerika, ikavuka bahari katika merikebu za wafanyabiashara wa Ulaya. Kule Kasai, masimulizi ya Wakuba yanasema ilifika wakati wa mfalme Shyaam, katika karne ya 17. Wachongaji wa Kikuba walichonga viko vya mti, vingine vyenye sura ya mtu. Hawakuwa na vanishi ya dukani. Walipaka ngula, unga mwekundu wa mti, pamoja na mafuta ya mawese. Kisha mikono ya mwenye kiko ikamaliza kazi, mwaka baada ya mwaka.

Kiko cha kizungu kina historia nyingine. Tangu miaka ya 1850, mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, walikichonga katika kisiki cha kichaka cha kandokando ya bahari ya Mediterania, kwa sababu mti huo hauungui upesi. Mdomo wake mweusi ulitengenezwa kwa mpira uliopikwa na salfa. Mpira! Wakongomani wanalijua neno hilo. Kati ya 1885 na 1908, chini ya Mfalme Leopold II, vijiji viliteswa na watu wakauawa ili mpira upelekwe Ulaya.

Basi kazi ya nyumbani ifanyike polepole. Masizi ya ndani yakwanguliwe kidogo kidogo, na tabaka jembamba libaki, maana linakinga mti. Kiko chenye ngula kifutwe kwa kitambaa kikavu tu, maji yataiondoa. Kile cha kizungu kifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila kukizamisha. Mdomo uliogeuka rangi ya manjano au kijani umeharibiwa na mwanga. Usuguliwe taratibu kwa dawa ya meno. Kikikauka, kipakwe nta ya nyuki kidogo sana, kisha kisuguliwe mpaka king'ae.

Vanishi hapana: ikipata moto inavimba na kubanduka. Msasa hapana pia. Utaondoa masizi, lakini utaondoa hata alama za meno ya mzee na pale kidole chake kilipokuwa kinakaa.

Mtoto aliyezaliwa baada ya familia kuhama hakumwona babu, wala hakuiona nyumba yake. Akipewa kiko hicho, kidole chake kitapata mahali pale pale.