Kitunga cha malimbuko na habari zake

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1-11

Ndugu wapendwa, kila msimu wa mavuno tunaona vitunga vikipita katikati ya kanisa: mahindi, mihogo, maharage, mpunga wa bonde la Ruzizi, chupa ya mawese. Tunaimba, mchungaji anaombea, tunarudi nyumbani. Lakini somo la leo linadai kitu kimoja zaidi. Mwisraeli alipoleta malimbuko yake mbele ya kuhani, hakuweka kikapu na kwenda zake. Ilimpasa kwanza asimulie habari: kwamba baba yake hakuwa na makao, kwamba alishuka Misri akateswa, na kwamba Bwana alimtoa huko akampa nchi. Yaani shukrani yake ilibeba historia. Je, sisi watu wa Uvira tukisimama na kitunga chetu, tutasimulia nini?

Tuanze na vilivyomo ndani. Mtama na ulezi ni mazao ya Afrika tangu kale. Lakini mahindi, mihogo na maharage asili yake ni Amerika. Wareno waliyaleta pwani za Afrika kuanzia karne ya 16, nayo yakasafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka kufika ziwani kwetu. Mpunga ulienea mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Basi bugali na sombe, chakula tunachokiita cha kwetu kabisa, vilikuja kama wageni, na udongo wetu ukavipokea.

Tuendelee na soko. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi. Burton aliandika kwamba wafanyabiashara walifuata hapa nafaka, pembe za ndovu, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na watumwa. Tusiruke neno hilo la mwisho. Pwani iliyokuwa na nafaka ya kuuza, iliuza na watu. Shamba laweza kuzaa vizuri huku moyo wa binadamu ukibaki mkavu.

Kisha ikaja Misri yetu, nayo ilikuwa pamba. Kwa sheria ya mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka. Katika bonde la Ruzizi pamba ilikuwa mojawapo. Aliyekataa aliadhibiwa. Pamba hailiwi, na bei yake haikupangwa na aliyeilima. Udongo ulikuwa ule ule na mvua ile ile, lakini nani angeimba akivuna kwa hofu? Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1921, wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira. Wazee wetu walipofundishwa habari za Waisraeli kulia chini ya wasimamizi wa Farao, hawakuhitaji maelezo marefu.

Uhuru ulipatikana mwaka 1960, lakini jasho la mkulima halikupata raha. Vita vya mwaka 1996 vilipofika kwetu, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama. Na ugomvi ukaingia kati yetu wenyewe: mkulima na mfugaji, kabila na kabila, huyu akisema yeye ndiye wa kwanza, yule akisema ni yeye. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, kule Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengi wao walikuwa katika maombi. Habari hiyo pia imo kitungani. Hatuwezi kuiacha nje ya mlango wa kanisa tukasema tunashukuru.

Sasa tutazame mstari wa 11. Baada ya kusimulia, mwenye malimbuko aliagizwa kufurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliyekaa kwake. Tunaelewa sababu. Mtu aliyetoka kukiri mbele ya Mungu kwamba baba yake alitangatanga, atamfukuzaje mgeni mezani? Na Walawi 25:23 inatukumbusha kwamba nchi ni ya Bwana, sisi sote ni wapitaji kwake.

Hatusemi kwamba mipaka ya mashamba haina maana. Aliyelima ana haki ya jasho lake, na mwenye ng'ombe walioingia katika mahindi ya jirani na alipe. Lakini kuna namna mbili za kukaa mbele ya wazee kuamua kesi ya shamba. Mmoja anakaa kama mwenye nchi. Mwingine anakaa kama aliyepewa. Wa kwanza hushika panga upesi. Wa pili anajua kwamba hata muhogo anaougombania uliletwa na mikono ya watu asiowajua.

Basi, wapendwa, katika sikukuu ya mavuno ijayo, kabla vitunga havijawekwa mbele, tumwombe mzee mmoja asimulie: tulitoka wapi, tulipita katika nini, nani alitupokea. Kisha tumwite jirani ambaye hatujasalimiana naye tangu ugomvi wa shamba, aje ale pamoja nasi.

Bwana, uliyetupa mvua na udongo, utupe na kumbukumbu. Amina.