Kuhama, Kuhamishwa na Kuhamisha

Msomaji kijana, lugha yetu ina vitenzi vitatu vilivyotoka katika shina moja: kuhama, kuhamishwa na kuhamisha. Yumkini umekwisha kuvisoma katika saa ya sarufi, ukajibu maswali ya mwalimu, ukafunga daftari. Leo nakuomba ulifungue tena daftari hilo, mara hii katika saa ya historia. Habari ya nyanda za Nakuru na Naivasha haiwezi kusimuliwa kwa haki na mtu asiyejua kutofautisha vitenzi hivyo vitatu.

Zamani nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wamaasai. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa ziwa kuu. Kuijenga kuligharimu fedha nyingi, na serikali ya Kiingereza ikataka walowezi wa Kizungu walime kando yake, ili mizigo ya mazao yao isaidie kulipa gharama. Katika miaka hiyo Lord Delamere alipewa eka 100,000 karibu na Njoro. Lakini mahali penye malisho ya watu hapawi shamba la mlowezi mpaka wenye malisho wameondoka. Wataondokaje?

Mwezi wa Agosti mwaka 1904 hati iliandikwa baina ya Kamishna wa serikali, Sir Donald Stewart, na wakuu wa Wamaasai. Miongoni mwa wakuu hao walikuwamo Olonana, laiboni mkuu, na Parsaloi ole Gilisho. Hati ilikuwa ya Kiingereza. Wakalimani wakaifasiri, na wakuu wakatia alama zao. Sasa sikiliza maana ya maneno yake. Yasema kwamba wakuu hao, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni heri kuwaondoa watu wao na mifugo yao wakakae katika sehemu zilizotengwa, mbali na reli, na mbali na ardhi yoyote ambayo huenda ikafunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Sehemu hizo zilikuwa mbili: moja Laikipia, upande wa kaskazini, na ya pili kusini mwa reli.

Itazame sentensi hiyo kama mwanafunzi wa sarufi. Kiima chake ni nani? Ni wakuu wa Wamaasai. Ndio walioona heri, na ndio wanaoondoa watu. Serikali haikutajwa kuwa imetenda neno lolote. Kwa kipimo cha sarufi, basi, Wamaasai walihama. Lakini ukiuliza ni nani aliyeitaka ardhi ile, na ni nani aliyeyapanga maneno yale, utaona kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mmoja, na kiima akafanywa mwingine.

Hati hiyo ilikuwa na sentensi nyingine, nayo ilikuwa wazi kama mchana. Ilisema kwamba mapatano yatadumu maadamu kabila la Wamaasai lipo, na kwamba walowezi hawataruhusiwa kuchukua ardhi katika sehemu walizotengewa. Hapana fumbo katika maneno hayo. Hata hivyo, mwaka 1911, kabla ya miaka saba kutimia, hati ya pili iliandikwa, na Wamaasai wa Laikipia wakatakiwa kwenda kusini. Kabila lilikuwa bado lipo. Mapatano ndiyo yaliyokufa. Katika safari ile mvua na baridi ya milima ya Mau ziliwapata njiani, zikaua watu na mifugo.

Wamaasai hawakunyamaza. Ole Njogo na wenzake walipeleka shauri mahakamani kwa mawakili, wakidai kwamba serikali imevunja mapatano ya mwaka 1904. Mwaka 1913 mahakama ililitupa shauri hilo, na rufani nayo ikashindwa mwaka huo huo. Majaji walisema kwamba hati zile ni mikataba baina ya dola la Kiingereza na watu walio chini ya ulinzi wake, na kwamba mahakama za nchi hazina uwezo wa kuamua mambo ya mikataba ya namna hiyo. Ajabu iliyoje! Watu walioondolewa kwa amri ya serikali waliambiwa mahakamani kwamba walipatana nayo kama nchi na nchi. Neno moja, mkataba, lilitosha kuufunga mlango.

Sasa turudi kwenye daftari lako. Ukiulizwa katika mtihani ni jambo gani lililotokea mwaka 1904, waweza kuandika, "Wamaasai walihama." Sentensi hiyo ni fupi na haina kosa la sarufi, lakini inakariri neno la hati bila kulipima. Waweza kuandika, "Wamaasai walihamishwa." Hapo umeikaribia kweli, walakini mtenda bado amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa, kama mwizi nyuma ya mlango. Au waweza kuandika, "Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wamaasai kutoka kando ya reli, ili iwape walowezi ardhi hiyo." Sentensi ya tatu yamtaja mtenda, aliyetendwa, mahali, mwaka na sababu. Si nzuri kwa kuwa ni ndefu. Ni nzuri kwa kuwa kila neno lililoongezwa limejibu swali.

Usidhani kwamba sentensi iliyo wazi huwashinda wenye nguvu siku zote. Katika miaka ya 1940, huko Olenguruone, katika wilaya ya Nakuru, serikali iliwaletea Wakikuyu waliokaa huko masharti ya kukubali. Serikali iliwaita watu waliowekwa pale kwa ruhusa yake. Wao walisema kwamba ardhi ile ni fidia ya ardhi waliyopoteza Kiambu, na kwa hiyo ni mali yao. Walilijua jambo lililokuwa ndani ya karatasi zile: atakayetia sahihi atakuwa amekiri kwamba yeye si mwenye ardhi. Wakakataa. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, na mashamba yao yameharibiwa. Walipoteza ardhi, lakini serikali haikupata karatasi ya kusema kwamba waliondoka kwa hiari yao.

Basi, msomaji, kila uandikapo sentensi ya historia, jiulize mambo matatu: nani alitenda, alimtendea nani, na kwa sababu gani. Na kila usomapo sentensi ya mtu mwingine, ongeza swali la nne: aliyeshika kalamu alikuwa nani? Chukua kitabu chako cha historia leo, utafute sentensi moja yenye kitenzi cha kutendwa, kisha uiandike upya ukimweka mtenda mahali pake. Ukishindwa kumjua, kamtafute kabla hujaandika.