Roboti zinazopaa angani, sehemu ya ‘ubongo’ wake ni Android

Anga likiwa safi, mtu aliye Kirando, mkoani Rukwa, anaweza kuona nuru kali ikikatiza juu ya Ziwa Tanganyika muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, umbali wa takribani kilomita 400 kwenda juu.

Humo ndani, mbali na wanaanga, mwaka 2019 NASA ya Marekani ilipeleka roboti tatu zenye umbo la boksi, kila upande kama sentimita 32. Zinaitwa Astrobee, na kila moja ina jina lake: Bumble, Honey na Queen.

Zinapaaje?
Ndani ya kituo kila kitu huelea, lakini hewa ipo. Astrobee huvuta hewa kwa feni na kuitoa kwa kasi kupitia matundu, ikasukumwa upande inaotaka. Nje hakuna hewa, hivyo feni haisaidii. Chaji ikipungua, inarudi yenyewe kuchaji.

Kazi yake ni ipi?
Kutafuta na kuhesabu vifaa, kurekodi video na kukagua hali ya kituo. Ni kazi ndogo ndogo, ila zinakula muda wa wanaanga ambao wangekuwa kwenye utafiti.

Simu inaingiaje?
Mwaka 2011, SPHERES, roboti zilizoitangulia Astrobee, zilifungwa simu za Nexus S ili zipate kamera na kompyuta bora. Kwenye Astrobee, moja ya kompyuta zake inatumia Android, mfumo ule ule ulioko kwenye simu nyingi mikononi mwa watu.

Wanafunzi je?
Tangu 2020, Japani kwa kushirikiana na NASA huendesha shindano la wanafunzi kuiandikia Astrobee programu. Fainali hufanyika kwenye maabara ya Kijapani iitwayo Kibo, yaani ‘matumaini’, siyo kile kilele cha Kilimanjaro. Kutoka Kibo hiyo hiyo ndiko ilikorushwa 1KUNS-PF, satelaiti ya kwanza ya Kenya, Mei 2018.

Programu ya kuigiza safari za Astrobee inapatikana bure mtandaoni. Simu pekee haitoshi, kompyuta inahitajika. Lakini roboti yenyewe si lazima uwe nayo ili uanze kujifunza.